William Brass na Jibu la Mama: Sura Moja katika Historia ya Takwimu za Afrika ya Mashariki

Makala haya yanaeleza kazi ya William Brass, mtaalamu wa takwimu aliyezaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1921, akafanya kazi katika Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1948 hata 1955, kisha akafundisha katika vyuo vikuu vya Uingereza mpaka alipostaafu mwaka 1988. Alifariki mwaka 1999. Huenda msomaji akauliza mtu huyu ana uhusiano gani na jarida la lugha. Hakutunga kamusi wala sarufi, na kazi zake zote aliziandika kwa Kiingereza na kwa lugha ya hesabu. Lakini njia iliyompa jina, njia ya kukadiria vifo vya watoto mahali pasipo na daftari la vizazi na vifo, imejengwa juu ya maswali mawili mafupi anayoulizwa mama: amezaa watoto wangapi, na wangapi kati yao wako hai. Katika Tanganyika, na baadaye Tanzania, maswali hayo huulizwa kwa Kiswahili. Hoja yangu ni hii: hesabu ya Brass ina nguvu kadiri ya nguvu ya maneno yanayotumiwa kumwuliza mama, na kwa hiyo sehemu ya historia ya takwimu zetu ni historia ya lugha, ambayo sisi wenye kazi ya lugha tumeiacha bila kuiandika.

Kwanza yafaa tulitazame neno lenyewe. Asili ya takwimu ni Kiarabu, na katika kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mwaka 1939, ile iliyosimamiwa na Frederick Johnson, maana yake ni kalenda, yaani kitabu cha miezi na siku. Maana tunayoijua leo, ya hesabu zilizokusanywa na kupangwa ili zieleze hali ya watu au vitu, ilikuja baadaye. Neno sensa nalo limetoka katika Kiingereza. Watu wengi walisema tu kuhesabu watu, au hesabu ya watu. Kaya ni neno la Kibantu, ambalo kwa Wamijikenda ni mji wa kale wenye boma na msitu wake, na ambalo katika sensa za Tanzania limepewa kazi ya kutaja watu wanaoishi na kula pamoja. Wastani umetoka katika Kiarabu, kwa maana ya katikati. Basi lugha ya takwimu haikuzaliwa siku moja. Iliokotwa huku na huku kadiri kazi ilivyoendelea, na kazi hiyo ilianza kwa bidii mpya mwaka ule ule aliofika Brass.

Mwaka 1948 ulikuwa mwaka mkubwa katika hesabu ya watu wa Afrika ya Mashariki. Wadachi walikuwa wamekisia idadi ya watu wa koloni lao kabla ya Vita vya Kwanza, na Waingereza walifanya hesabu mwaka 1921 na mwaka 1931, lakini hesabu hizo zilitegemea sana habari za majumbe na wakubwa wa wilaya. Sensa ya 1948 ilifanywa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa mpango mmoja, chini ya Idara ya Takwimu ya Afrika ya Mashariki, ambayo mkuu wake alikuwa C. J. Martin. Kwa Tanganyika ilionekana kuwa Waafrika walikuwa karibu milioni 7.4. Baada ya hesabu ya jumla, ilichukuliwa sehemu ya watu, kiasi cha mmoja katika kila kumi, wakaulizwa maswali ya ndani zaidi, na miongoni mwa maswali hayo yalikuwamo ya uzazi wa wanawake.

Hapa pana jambo moja linalostahili kukumbukwa na wasomaji wa jarida hili. Idara ya Takwimu ilikuwa chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi mwaka huo huo wa 1948. Na Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, nayo iliwekwa chini ya Halmashauri hiyo hiyo. Wenye kuhesabu na wenye kusanifisha walikaa chini ya paa moja. Hata hivyo, katika historia kama tunavyoifundisha, kazi hizo mbili hazikutani. Kamati hukumbukwa kwa kamusi na vitabu vya shule, na Idara hukumbukwa kwa majedwali yake.

Brass alikuwa amesoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kabla ya kuja. Katika nchi aliyozaliwa, kuandikisha kila kizazi na kila kifo kulikuwa sharti la sheria tangu mwaka 1855. Mtaalamu wa huko aliyetaka kujua ni watoto wangapi hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja aliyafungua madaftari mawili, akagawanya hesabu moja kwa nyingine. Katika Jimbo la Kusini la Tanganyika hapakuwa na madaftari kamili ya namna hiyo. Mtoto aliweza kuzaliwa, kuugua na kuzikwa bila jina lake kuandikwa mahali popote. Wenye kumjua walikuwa jamaa zake na majirani, na aliyemjua kuliko wote ni mama yake.

Wataalamu wengi wa wakati ule waliona kwamba hali hiyo haikuwa na dawa ila kungoja mpaka madaftari yawepo. Brass hakukubali kungoja. Mwaka 1953 alichapisha katika jarida la Population Studies makala ya kuonyesha jinsi ya kupata viwango vya uzazi kutokana na habari chache za wanawake waliohesabiwa. Mwaka 1955 aliondoka Afrika ya Mashariki akaenda Chuo Kikuu cha Aberdeen kufundisha takwimu za utabibu, na huko akaendelea kulifikiria tatizo alilolikuta huku. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 njia ya kukadiria vifo vya watoto ilikuwa imetimia, na mwaka 1964 aliieleza, pamoja na njia nyingine, katika mkutano wa Addis Ababa juu ya takwimu za vizazi na vifo katika Afrika.

Njia yenyewe si ngumu kuielewa. Wanawake hupangwa kwa makundi ya umri ya miaka mitano mitano. Katika kila kundi hujumlishwa watoto wote waliozaliwa, na kati yao wale waliokufa, kisha hesabu ya pili hugawanywa kwa ya kwanza. Mama wa miaka 20 hadi 24 amezaa si muda mrefu uliopita, kwa hiyo watoto wake wamekabili hatari ya kufa kwa muda mfupi tu. Mama wa miaka 30 hadi 34 amezaa zamani zaidi. Brass alionyesha kuwa sehemu ya watoto waliokufa wa kundi la 20 hadi 24 inakaribiana sana na uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza miaka 2. Ile ya kundi la 25 hadi 29 inakaribiana na uwezekano wa kufa kabla ya miaka 3. Na ile ya 30 hadi 34, kabla ya miaka 5. Tofauti ndogo inayobaki hutegemea kama wanawake wa mahali hapo huanza kuzaa mapema au wanachelewa, nayo husahihishwa kwa kuzidisha na tarakimu iliyo karibu na 1. Kwa maneno mengine, umri wa mama ulitiwa mahali pa saa, na kumbukumbu yake ikatiwa mahali pa daftari.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Wanawake 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24 wamezaa watoto 150, na 30 kati yao wamekufa. Sehemu ya waliokufa ni 0.20. Tukizidisha kwa 1.05 tunapata 0.21, yaani katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, 210 hufa kabla ya kutimiza miaka 2. Sasa tuseme kwamba watoto kumi waliokufa hawakutajwa, kwa kuwa swali liliulizwa vibaya. Waliozaliwa watakuwa 140 na waliokufa 20, na kwa kizidisho kile kile jibu litakuwa 150 katika 1,000. Akina mama 100 wamenyamaza juu ya watoto kumi, na zaidi ya robo ya msiba imetoweka katika jedwali. Hapa hakuna kosa la hesabu, kwa kuwa kila tarakimu imegawanywa sawasawa. Kosa limetokea mlangoni, kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Ili tulione kosa hilo karibu zaidi, twende kwa mawazo mpaka Milola, bara ya mji wa Lindi, katika nchi ambako Kimwera na Kiswahili husemwa pamoja. Karani wa sensa amepiga hodi, amekaribishwa, amepewa kigoda. Baada ya kuamkia na kuulizana habari, anamwuliza mwenyeji wake: "Mama, una watoto wangapi?" Swali hili ni la adabu, ni Kiswahili safi, na kwa kazi ya Brass halifai kabisa. Neno una ni la wakati uliopo, na mama atataja wale alio nao. Aliowazika hawamo, kwa sababu hanao. Tena huenda akataja zaidi ya aliowazaa. Kwa Wamwera, kama kwa Wamakonde na jamaa zao wengine wa kusini, ukoo hufuata upande wa mama, na mtoto wa dada ni mtoto. Hata katika Kiswahili cha mahali popote, dada ya mama ni mama mkubwa au mama mdogo, na watoto wake wote kwa pamoja huitwa watoto wa mtu bila kudanganya. Karani anayeandika sita ameandika jibu la kweli la swali jingine.

Hebu abadilishe swali: "Mama, umezaa watoto wangapi?" Kitenzi kuzaa ni bora kuliko kuwa na, maana kinamfunga mama kwa mwili wake mwenyewe. Lakini nacho kina wasiwasi wake. Mtoto aliyetoka hali amekwisha kufa, je, amezaliwa au hakuzaliwa? Mtoto aliyelia mara moja akanyamaza, akazikwa siku ile ile kabla ya kupewa jina, je, ni mtoto wa kutajwa mbele ya mgeni? Kwa hesabu, wa kwanza hahesabiwi na wa pili anahesabiwa. Ndiyo maana maneno "aliyezaliwa hai" yamekuwa ya lazima, na karani hufundishwa kueleza kuwa ni mtoto aliyeonyesha dalili yoyote ya uhai, hata kama aliishi dakika chache tu.

Ndiyo maana pia swali moja liligawanywa mafungu matatu, kama sensa za sasa zinavyofanya: watoto uliowazaa unaokaa nao, watoto uliowazaa wanaokaa mahali pengine, na watoto uliowazaa hai ambao sasa wamefariki. Mgawo huu huonekana kama jambo la karatasi tu, lakini kwa kweli ni jambo la mazungumzo. Unamwanzisha mama kwa walio karibu, unampeleka kwa waliotawanyika, ndipo unamfikisha kwa waliokufa, kwa utaratibu ambao hata jirani mwenye heshima angeufuata. Na hapo ndipo neno la mwisho linapokuwa na uzito. Aliyekufa ni neno kavu kwa mama. Kiswahili kina fariki, kina tangulia, kina kutaja kwamba Mungu amemchukua, na karani mwenye busara huchagua. Lakini aliyetangulia kwa mwingine ni aliyezaliwa kwanza, na swali lililopakwa asali kupita kiasi huweza kuleta jibu la mambo mengine.

Brass aliuliza tena jambo la pili: kama mama amezaa katika miezi 12 iliyopita. Kwa jibu hilo na lile la jumla ya watoto alilinganisha uzazi wa sasa na uzazi wa maisha yote. Alijua kwamba watu hukosea muda. Dhana yake ilikuwa kwamba wanawake wa umri wote hukosea kwa kiasi kinachokaribiana, hivyo kwamba umbo la hesabu ni sahihi ingawa kimo chake si sahihi; basi kimo huweza kurekebishwa kwa idadi ya watoto waliotajwa na wanawake vijana, ambao wamezaa wachache na hawajasahau. Dhana hii ni ya akili sana. Ila msemaji wa Kiswahili ataona mara moja kosa linakoanzia. Mwaka uliopita ni miezi 12 iliyopita, au ni mwaka ule uliokwisha kabla ya huu? Mkulima hupima kwa masika na mavuno, Mwislamu ana mwezi wa Mfunguo na wa Ramadhani, na karani ana kalenda ya ofisi. Watu watatu hutamka neno moja wakiwa na miaka mitatu vichwani. Neno takwimu lililokuwa kalenda na takwimu iliyo hesabu hukutana hapa.

Umri nao ulileta taabu yake, kwa kuwa saa ya Brass ni umri wa mama. Mahali ambapo watu hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa, karani hana budi kuuliza kwa matukio. Katika upande wa Lindi matukio hayakosekani: Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Wadachi waliochimba mifupa mikubwa ya wanyama wa kale Tendaguru tangu 1909 hata 1913, Vita vya Kwanza vilivyopita nchini humo, mradi wa karanga wa Nachingwea uliokwama mwishoni mwa miaka ya 1940. Mtu anayeuliza, "Wakati wa karanga ulikuwa umeolewa?" anafanya kazi ya historia simulizi, ajue asijue. Wakati huo huo anaandika tarakimu moja katika kisanduku kimoja.

Mwaka 1965 Brass alihamia London, katika Shule ya Afya na Tiba ya Nchi za Joto, akawa profesa huko. Mwaka 1968 kikatoka kitabu kikubwa juu ya idadi ya watu wa Afrika ya nchi za joto, alichokiandika pamoja na Ansley Coale, Paul Demeny na wenzao, kikapigwa chapa Princeton. Mwaka mmoja nyuma yake Tanzania ilikuwa imefanya sensa yake ya kwanza baada ya uhuru na Muungano, mwezi wa Agosti 1967, na kukuta watu milioni 12.3. Habari zake za uzazi na vifo zilichambuliwa kwa njia za aina hii katika kitabu kilichohaririwa na Bertil Egerö na Roushdi Henin, kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 1973. Hivyo maswali yaliyoulizwa katika sensa ya 1948 yalikuwa yamezunguka Aberdeen na London, yakarudi nyumbani yakiwa na majedwali.

Katika miaka hiyo ya 1970 Brass na Kenneth Hill walieneza wazo hilo kwa vifo vya watu wazima. Mtu huulizwa: "Mama yako yu hai?" Kutokana na sehemu ya watu wa umri fulani ambao mama zao wamekufa, hukadiriwa vifo vya wanawake. Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa tatizo. Katika nyumba ya Milola yatima aliyelelewa na mama mdogo atajibu ndiyo, mama yupo, na atakuwa amesema kweli kwa lugha yake na kwa moyo wake. Ndiyo maana Kiswahili cha sensa kimeng'ang'ania neno mzazi: mama mzazi, yaani aliyekuzaa. Hata hivyo kumwambia mtoto mbele ya aliyemlea kwamba huyo si mama mzazi ni jambo la uchungu, na wapo watakaolikwepa.

Haifai kumsifu mtu bila kutaja mipaka ya kazi yake. Njia ya kwanza ya Brass ilichukulia kwamba vifo havikubadilika sana katika miaka ya nyuma. Jeremiah Sullivan, James Trussell na Griffith Feeney waliifanyia marekebisho katika miaka ya 1970, na Umoja wa Mataifa ukazikusanya njia hizi katika kitabu cha mwongozo cha mwaka 1983. Tena mama aliyekufa haulizwi, na watoto wake hawahesabiwi. Ulipoingia ugonjwa wa ukimwi, ambao huua mama na mtoto, pengo hilo likawa kubwa. Tangu mwaka 1991 uchunguzi wa afya na uzazi nchini Tanzania umekuwa ukimwomba mama ataje mtoto mmoja mmoja, jina, tarehe ya kuzaliwa, na umri wa kufa kama amekufa. Njia hiyo hutoa habari nyingi zaidi. Lakini sensa, inayomfikia kila mtu, bado huuliza maswali mafupi yale yale.

Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 864,652 katika sensa ya 2012, na 1,194,028 katika ile ya Agosti 2022. Zahanati, madarasa na visima hupangwa kwa tarakimu kama hizi, na mahali ambapo vifo vya watoto vimeandikwa pungufu panaonekana hapana haja kubwa. Mtoto ambaye mama yake hakuulizwa vizuri hupotea mara mbili: mara ya kwanza kaburini, mara ya pili katika jedwali.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, madodoso ya Kiswahili ya sensa zetu zote tangu 1948, pamoja na maelekezo waliyopewa makarani, yakusanywe na kuhifadhiwa kama tunavyohifadhi hati za kale, na yasomwe neno kwa neno, tujue swali la uzazi lilivyobadilika. Pili, kabla ya kila sensa wanaisimu waende vijijini pamoja na wataalamu wa takwimu, Milola na kwingineko, wakasikilize jinsi mama anavyolielewa swali kabla halijapigwa chapa. Brass aliamini kuwa mama asiyejua kusoma anaweza kuwa shahidi wa kutosha wa jambo ambalo serikali haikuliandika, na kwa imani hiyo alibadili elimu yake. Ushahidi huo mama huutoa kwa lugha, na kazi ya lugha ni yetu.